Maji ya Saa Nne: Tuliyojifunza Pwani Kabla ya Kujua Kusoma

Mtoto wa Paje, Jambiani, Bwejuu au Makunduchi, kule mashariki ya Unguja, hakuwa na haja ya saa ya ukutani. Aliuliza swali moja tu: "Mwezi ngapi leo?" Akijibiwa kumi na tano, ameshajua kuwa maji yatakupwa kabisa saa 4 au saa 4 na nusu asubuhi, na tena saa kama hizo usiku. Akijibiwa mwezi nane, anaweka kikapu chini. Siku hiyo maji yatakupwa alasiri, mnamo saa 10, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Mwezi unaoulizwa hapo ni wa kuandama, ule wa Kiislamu, ndiyo maana wazee wa pwani waliweza kusema maji ya wiki ijayo bila kushika karatasi. Mwezi unapokuwa mchanga au mpevu, bahari huwa bamvua: hujaa sana na kukupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe 7 au 8 na tena 21 au 22, ni maji mafu. Tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu huwa kama mita 1 hivi, na mgeni anaweza kukaa ufukweni siku nzima asione kilichobadilika.

Wengi hukosea wanapohesabu. Wanadhani maji huchelewa dakika 50 kila siku, sawasawa. Hiyo ni wastani. Ndani ya bamvua huchelewa kidogo, kama dakika 40, na ndani ya maji mafu huchelewa zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo anayeanza hesabu yake kwenye maji mafu atapotea, na anayeanza kwenye mwezi kumi na tano atakaribia kupatia kwa siku tano au sita mbele. Jambo jingine: bamvua kubwa zaidi haliji siku ile ile mwezi unapokuwa mpevu, huja siku moja au mbili baadaye. Na mabamvua makubwa kuliko yote ya mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakifunua miamba ambayo haionekani miezi mingine, na wanawake waliyangoja kama watu wanavyongoja mnada.

Ukubwa huo wa kupwa una maana kwa sababu ya umbo la pwani yenyewe. Mwamba mkubwa, pale mawimbi yanapovunjikia, uko kilomita 1 hadi 2 kutoka mchangani. Kati yake na ufukwe ni uwanja wa mchanga, majani ya bahari na mawe, usio na kina. Bamvua likikupwa, uwanja wote huo unakuwa wa kutembea kwa miguu, na kijiji kizima kinahamia huko.

Kutoka kwenda huko ni rahisi, kurudi ndiko kwenye kazi. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanalala. Kwenye bamvua la mita 4 yanapanda kama sentimita 30 tu, na mtu anajisemea bado. Saa ya tatu na ya nne yanakimbia, kila moja ikipandisha karibu mita nzima. Isitoshe, maji hayaji kutoka mbele kama mtu anayekuja kupiga hodi. Yanaingia kwa milango ya mwamba, yanafuata mikondo, yanajaza kwanza mabonde yaliyo kati yako na nyumbani. Unaweza kuwa umesimama juu ya mchanga mkavu, na nyuma yako pameshafika kiunoni. Watoto tuliwekewa kanuni ya vifundo: ukiona maji yaliyotulia kwenye kidimbwi yameanza kutambaa kuelekea ufukweni, hata kama ni ya vifundoni, tia mchokoo, ule mti wa kuchokolea pweza, chini ya kwapa, geuka. Hakuna "nimalizie tundu hili moja."

Milango hiyo ya mwamba ina hatari nyingine. Maji yakitoka, yote yanatokea hapo, na mkondo wake humchukua hata mtu mzima anayejua kuogelea. Aliyechukuliwa asipigane nao kuelekea pwani. Akate kwa pembeni, sambamba na mwamba, mpaka mkondo umwachie, ndipo arudi. Wanaozama mara nyingi si wale wasiojua kuogelea. Hao hawafiki huko.

Kazi kubwa ya maji ya saa 4 ilikuwa pweza. Kifaa chake ni mchokoo, mti mgumu wa urefu wa mita 1 hivi uliochongwa ncha, na siku hizi wengi hutumia nondo nyembamba. Wenye uzoefu hubeba miwili. Pweza hatafutwi kwa kumwona, maana anabadilika rangi akawa jiwe. Hutafutwa kwa taka zake. Mbele ya tundu lake kuna maganda ya chaza na vipande vya kaa, safi, bado havijaota uchafu, na mchanga wa mlangoni umefagiwa. Tundu lenye utando na majani yaliyotulia halina mtu. Wakati mwingine pweza amejivutia vijiwe akaziba mlango, na hapo amejitangaza mwenyewe. Ile methali ya pweza kujipalia makaa inasemwa kwa ajili ya jikoni, lakini ufukweni pia ina kazi.

Mchokoo unaingizwa polepole, si kwa kuchoma. Ukihisi umeshikwa kwa ulaini, kama mtu anayekuvuta kwa kitambaa chenye maji, ni pweza. Ukihisi umeng'atwa na kutikiswa kwa ghafla, toa, ni mkunga, na meno yake hayana mchezo. Ndiyo maana mkono hauingii tundu hata siku moja, hata liwe dogo vipi. Pweza akishashika mti wa kwanza, wa pili unapitishwa nyuma yake kumsukuma nje. Akitoka anakamatwa kichwa, kile kifuko kinageuzwa ndani nje kama soksi, na amekwisha. Anayemvuta kwa mkia mmoja tu ataubakiza mkia huo mkononi, na pweza atazama ndani zaidi.

Tuliambiwa mambo mawili ambayo siku hizi yanapuuzwa. La kwanza, jiwe ulilolipindua lirudishe lilivyokuwa. Upande wa chini una mayai, vikome na vijidudu ambavyo jua la saa 5 linaviua kwa muda mfupi, na jiwe lililoachwa chali halikai pweza tena kwa muda mrefu. La pili, ukiona kwenye dari ya tundu vishada vyeupe kama punje za mchele, huyo ni mama, mwache. Pweza jike huzaa mara moja tu, akayalinda mayai yake bila kula, kisha akafa. Kumchukua ni kuchukua maelfu. Baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba sasa hufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa, na kwa sababu pweza hukua haraka, siku ya kufungua wanatoka wakubwa. Walio chini ya nusu kilo hawastahili hata kupigwa.

Maana pweza lazima apigwe. Jiweni, kwa kumbamiza, mara 40 au 50, mpaka mikia ijikunje na povu litoke. Asiyepigwa vya kutosha hutafunika kama raba ya baiskeli. Jikoni kosa la kawaida ni kumtilia maji mengi na chumvi mapema. Mtie sufuriani mtupu, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe ya kumtosha dakika 20 au zaidi. Chumvi mwisho, na hapo onja kwanza, kwa sababu ana yake ya bahari. Tui la nazi linafuata akishalainika, si kabla.

Miguuni, wengi wetu hatukuwa na kitu. Siku hizi yeboyebo zimeokoa nyayo nyingi, ijapokuwa mwiba mrefu wa nungu wa baharini hupita plastiki laini. Mwiba wake ni mwepesi kukatika na ukichokolewa na sindano huvunjikavunjika ndani. Pwani watu huufunika kwa utomvu wa papai bichi au hukamulia ndimu, wakauacha utoke au uyeyuke wenyewe kwa siku kadhaa. Ulioingia kwenye kiungo cha kidole, au uliovimbisha mguu, huo ni wa hospitali.

Kwa taa, yule samaki bapa, dawa ni mwendo. Anajifukia mchangani kwenye maji ya magotini, na anachoma pale tu anapokanyagwa. Buruza miguu, usiinyanyue; atahisi mtikisiko na kuondoka. Yule samaki anayefanana na jiwe lenye ukoga ni mbaya zaidi kwa sababu hakimbii. Miiba yake iko mgongoni na maumivu yake humfanya mtu mzima alie. Msaada wa kwanza kwa wote wawili ni ule ule: maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, ayajaribu kwanza kwa mguu usiochomwa, kisha auloweke ule uliochomwa dakika 30 hadi 90, huku akipelekwa hospitali. Kufunga kamba juu ya jeraha na kuchanja kwa wembe kumewaharibia watu miguu bila kutoa sumu yoyote.

Halafu kuna kome wazuri, wale wenye umbo la pia, wamechorwa kama kitenge. Mtoto yeyote angemtia mfukoni. Ndani yake kuna mwiba wa sumu unaoweza kumuua mtu, na dawa ya kuikata sumu hiyo haipo. Kanuni ilikuwa fupi: cha umbo la pia, tazama, usishike. Kauri na vikome vya duara tulivikusanya tukijua ni maganda matupu, na siku hizi hata hayo ni bora yaachwe, kwani kaa wanayahamia.

Karibu na ufukwe, pale bamvua lisipokupwa kabisa bado mtu anaweza kufika, palikuwa na mashimo ya makumbi. Harufu yake, ya yai viza, mtu wa pwani aliyekaa ugenini akiinusa mahali popote hurudi nyumbani kwa fikra. Ni harufu ya kitu kinachooza bila hewa, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Shimo huchimbwa mchangani usawa wa magoti au zaidi, makumbi ya nazi yanapangwa, yanafunikwa kwa mchanga na mawe mazito ili bamvua lisiyazoe. Kila mwanamke na shimo lake, na mawe yake anayajua kama anavyozijua sufuria zake. Hukaa miezi 6 hivi, mengine hadi mwaka.

Ukiyafukua mapema, utayapiga mpaka jioni na ngozi ya nje haitaachana na nyuzi. Yaliyoiva hupondwa kwa mti juu ya jiwe, yanasuuzwa baharini, na unga wote wa kahawia unaondoka ukibakisha usumba. Mlio wa kuponda makumbi, wanawake watano au sita kwa pamoja, ulisikika mpaka uwanjani skuli. Kisha ni kuanika na kusokota: nyuzi mbili zinazungushwa viganjani kuelekea upande mmoja kila moja, halafu zinaachiwa zikumbatiane kwa upande wa pili. Zikizungushwa upande mmoja mwanzo mpaka mwisho, kamba inafunguka ukiiacha tu. Kamba ya usumba haiozeshwi upesi na maji ya chumvi, na ndiyo iliyoshona mitepe, vyombo vya baharini vya zamani, bila msumari hata mmoja. Nailoni imeishinda kwa bei na kwa wepesi. Lakini fito za paa la makuti bado hushikwa vizuri zaidi na usumba, kwa sababu hauchanwi na jua kama nailoni.

Mwani wa kulima ulikuja mwaka 1989, na ukaigeuza ratiba ya pwani ya mashariki. Vigingi viwili vinakitwa mchangani, kamba inafungwa baina yake, na vipande vya mwani vinaning'inizwa kwa taitai, yaani vijikamba vyembamba vya kufungia, kila kimoja shubiri moja kutoka kwa mwenzake. Wiki 6 hivi baadaye unavunwa. Nao pia ni mtumwa wa maji ya saa 4: kufunga, kusafisha na kuvuna hufanyika siku za bamvua, na siku za maji mafu shamba liko chini ya maji. Na watoto wengi wa enzi hizo walijifunza kuhesabu kwa taitai, si kwa vijiti.

Mwani huo ni wa aina mbili. Mwembamba ni mvumilivu. Mnene ndiye mwenye bei, na ndiye aliyeshindwa maji yalipozidi joto: matawi yanapauka, yanalegea, yanakatika yakaelea, na shamba linabaki kamba tupu. Samaki tasi naye anautafuna, hasa ncha changa, na mashamba ya pembeni huliwa zaidi ya yale ya katikati. Kukausha kuna mtego wake. Mwani ukinyeshewa ukiwa umeanikwa, chumvi inaoshwa na rangi inapotea, na mnunuzi anashusha bei au anauacha. Mkulima mzoefu huangalia wingu la mashariki kabla ya kutandaza, na hutandaza juu ya chanja au wavu, maana mchanga ulioshikamana nao mnunuzi anaukata kwenye kilo.

Maji hayo hayo, yakishakupwa saa 4 asubuhi, hujaa saa 10 alasiri. Ilikuwa kama mpango uliopangwa kwa ajili ya watoto: skuli imekwisha, jua limepoa, na maji yamefika kwenye mizizi ya minazi. Huo ndio wakati wa vingalawa, ngalawa ndogo za kuchezea.

Kingalawa kizuri ni cha msufi, kwa kuwa mti wake ni mwepesi na unachongeka kwa kisu cha jikoni. Urefu ni kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kiwiko cha mtoto wa miaka 10. Tumbo linachimbwa lisizidi nusu ya kina. Likichimbwa sana kinakuwa chepesi mno na kinalala kwenye upepo wa kwanza. Vijiti viwili vinapitishwa juu kwa upana, na kila mwisho unafungwa kibao. Hapa ndipo wengi walipoharibu. Vibao vyote viwili vikigusa maji kwa pamoja, kingalawa kinaburuta na hakiendi. Vinatakiwa vikae juu kidogo, ili upepo ukikilaza, kimoja tu, cha upande wa chini, kiguse na kukishikilia. Tena visiwe bapa kabisa; ncha ya mbele inainuliwa kidogo, vinginevyo inachimba wimbi na chombo kinageuka nyuma mbele.

Mlingoti unasimama mbele ya katikati. Foromali, mti wa kutungikia tanga, inauzidi mwili urefu, na tanga ni la pembe tatu. Zamani lilikuwa mfuko wa rambo, na tangu mifuko ipigwe marufuku, kitambaa cha mwavuli mbovu kimechukua nafasi, na kwa kweli ni bora zaidi, hakipasuki. Jiwe la ukubwa wa yai la kuku linawekwa tumboni, karibu na nyuma. Likiwekwa mbele, kingalawa kinainamisha pua na kinazama mbele ya watu. Usukani unafungwa kwa waya usigeuke, umeelekezwa kidogo tu, na huwa unarekebishwa mara tatu au nne kabla ya mbio zenyewe, mwenye chombo amesimama majini mpaka kifuani, wenzake wakimpigia kelele kuwa amechelewa.

Mtu mmoja lazima asimame mbele ya mstari, upande ambao upepo unaenda. Asiposimama, chombo kilichotoka mbio hakirudi. Kikipotea Jambiani wakati wa kusi, kitafutwe kesho yake kuelekea Paje. Kikipotea wakati wa kaskazi, kitafutwe kuelekea Makunduchi, na katika siku hizo kuna watoto wa Makunduchi ambao wameshakiona, wameshakibadilisha tanga, na watasema ni chao.